Neno Nililomwandikia Maman wa Redio

Maman wa Redio hakuwahi kutaja jina la mtu hewani. Nilimsikiliza miaka mingi, kwanza nikiwa mwanafunzi ninayekunywa chai kwa haraka jikoni kwetu Ibanda, baadaye nikiwa nimeketi upande wa pili wa kioo cha studio, na sikumsikia hata mara moja akisema kwamba fulani anauza kitu kibovu. Alisema: "Yale mafuta ya mawese yenye wekundu wa kupita kiasi." Alisema: "Wale samaki wadogo, sambaza, ambao siku ya tatu bado wanang'aa." Mwenye kusikia alielewa, akaenda sokoni, akanusa mara mbili kabla ya kununua. Watu walipomuuliza kwa nini hataji majina, jibu lake lilikuwa lile lile.

"Mi siongeake ju ya mutu. Naongeaka ju ya sahani."

Kipindi chake kilichukua dakika kumi na tano, saa moja asubuhi, bila muziki. Alikifungua kwa neno moja tu: "Mumeamuka?" Kisha alinyamaza kidogo, kama mtu aliyebisha hodi na sasa anasubiri mlango ufunguliwe. Mama yangu alikuwa akimjibu kutoka jikoni: "Tumeamuka, maman." Mimi niliona aibu kwa niaba yake, mpaka siku niliyopita mbele ya kioski cha kunyoa nywele na kumsikia kinyozi, mwanaume mzima mwenye mkasi mkononi, akijibu vile vile.

Aliyemsikia redioni tu angedhani kwamba kwake watu wanakula mboga zilizooshwa mara saba. Haikuwa hivyo. Kila siku baada ya kipindi aliteremka mpaka kwa mama mmoja mwenye karai jeusi kando ya barabara, akanunua beignets tatu, maandazi yaliyokaangwa kwa mafuta ambayo hata mimi, nisiyejua kupika, niliyaogopa kwa macho.

"Maman," nilimwambia siku moja, "si mafuta ya namna hii njo ulikataza jana?"

"Nilikataza ya batu bengine. Haya tunajuana nayo."

Aliogopa mbuzi. Nilimwona akizungumza na wakubwa wa mkoa bila kupepesa jicho, lakini mbuzi mmoja aliyefungwa kwenye mti alitosha kumfanya avuke barabara na mkoba wake kifuani. Alichukia watu wanaochelewa, na yeye mwenyewe alichelewa karibu kila mkutano, akaingia akilaumu saa ya ukutani. Alikuwa mkali pia, sitalificha. Mwenzangu mmoja alisoma vibaya jina la ugonjwa, naye akamwondoa studioni taa ya hewani ikiwa bado inawaka, watu wote wakisikia. Yule kijana hakurudi. Maman alimtafuta kwa wiki mbili amwombe msamaha, na alipompata alimgombeza tena kwa sababu ya kujificha.

Kilichomtofautisha na watangazaji wengine ni desturi yake ya kila asubuhi. Kabla ya kuingia hewani alitoka na karatasi yake mpaka getini, ambako mama mmoja aliuza sambaza katika beseni la bluu. Huyo mama hakuwa amesoma. Maman alimsomea maandishi yote, sentensi kwa sentensi, kisha akauliza: "Umesikia nini?" Hakuuliza kama ameelewa. Alitaka arudishiwe kile kilichoingia sikioni. Jibu likitofautiana na karatasi, alifuta karatasi.

Siku moja aliandika kwamba maziwa fulani "yanaongezwa". Alikusudia maji.

"Umesikia nini?"

"Nimesikia banatuongezea maziwa. Mungu abariki! Banauzia wapi?"

Alicheka mpaka akashika nguzo ya geti. Kisha alifuta sentensi na kuandika: "Wanakuuzia maji yaliyopita karibu na ng'ombe."

Mimi nilifika pale na licence yangu, digrii ya sheria, na barua za kuomba kazi ambazo hazikujibiwa. Directeur wa redio alinipokea kwa stage, yaani mafunzo kazini. Kazi yangu ilikuwa kupitia maandishi kabla hayajasomwa, nione kama kuna jambo linaloweza kutupeleka kwa parquet, yaani kwa mwendesha mashtaka, na mahakamani. Maman aliniita Maître, kama wanavyoitwa mawakili, kwa utani, kwa kuwa sikuwa bado mwanasheria wa kweli. "Maître, soma hii, uniambie kama leo nalala kwangu ao kwa parquet." Nilikuwa na wasiwasi juu ya kila kitu. Niliweka alama hata juu ya salamu. Alinivumilia kuliko alivyowavumilia wengine, na mpaka leo sijui kwa nini.

Asubuhi ninayotaka kuisema, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na matope yalikuwa yameteremka mpaka barabarani. Mama wa sambaza hakuja. Maman alikuwa na karatasi ya maabara iliyomjia siku iliyotangulia: unga wa mahindi uliouzwa mjini, katika mifuko yenye mistari miwili ya kijani, ulikuwa na ukungu wenye kudhuru ini. Yeye alikuwa ameandika: "Ule unga wa mistari ya kijani, mahindi yake yalilala na maji. Muuache kwanza."

Nilisoma karatasi ya maabara. Ilisema *toxine*. Nilitafakari. Niliona sentensi yake ni nyepesi mno, watu wangecheka na kuendelea kula. Nilichukua kalamu, nikafuta "mahindi yake yalilala na maji" na kuandika juu yake: "una sumu".

Alitazama neno lile kwa muda mrefu kuliko alivyotazama neno lolote la kwangu.

"Sumu? Hapa kwetu?"

"Toxine ni sumu, maman. Iko kwenye karatasi."

"Na kwa sheria?"

"Kama ni kweli, hakuna shida."

Alitazama nje kuelekea getini. Mvua ilikuwa bado inapiga. Hapakuwa na beseni wala mtu. Ilibaki dakika mbili. Aliingia studioni na kusoma nilichoandika.

Mtu asiye wa kwetu hataelewa mara moja kilichotokea, kwa hiyo nieleze. Huku kwetu sumu haioti kwenye mahindi. Sumu inatiwa. Ina mkono nyuma yake, ina chuki, ina jirani aliyekupa kikombe cha kasiksi, pombe ya ndizi, huku akitabasamu. Mtu akifa ghafla hatuulizi alikula nini, tunauliza alikula kwa nani. Mama wa sambaza angeulizwa "Umesikia nini?" angejibu bila kufikiri: "Nimesikia mwenye ile unga anaua batu." Mji mzima ulisikia hivyo.

Mifuko ya mistari ya kijani ilitoka kwa mtu mmoja tu, mwenye moulin, mashine ya kusaga mahindi. Siku ileile mke wake alipigiwa kelele sokoni. Jioni mawe yalianguka juu ya bati zao. Shuleni watoto wake walikaa peke yao kwenye benchi, na hakuna aliyetaka kugawana nao mkate. Nilimwona baba huyo mahakamani, mtu mwembamba mwenye koti lililompwaya, na alipoitwa kusema alilia mbele ya watu wote. "Mi nilinunua mahindi ya kunyeshewa, nakubali," alisema. "Lakini sumu? Mi nilimutilia nani sumu? Batoto yangu banaitwa batoto ya muuaji." Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia, nikashindwa.

Sheria yetu ina kosa linaloitwa *imputation dommageable*: kumtwika mtu jambo mahsusi, mbele ya watu, litakaloharibu heshima yake. Sheria hiyo haikuulizi kama jambo ni la kweli. Unaweza kusema kweli tupu na bado ukapatikana na hatia, kwa kuwa kinachopimwa ni jeraha. Nilijua. Nilikuwa nimeliandika jibu hilo kwenye mtihani wa mwaka wa tatu na kupata distinction. Lakini asubuhi ile ya mvua, mtu aliyeniamini aliponiuliza, nilimjibu kama wanavyojibu watu ambao hawajasoma sheria, kwa sababu ndivyo nilivyotamani iwe.

Mwenye moulin alishtaki, na polisi wakamshika Maman akitoka kununua beignets zake. Alikaa siku sita katika chumba cha parquet. Nilimpelekea chakula mara mbili. Mara zote mbili alichungulia ndani ya sufuria na kuuliza: "Unga ya wapi?" Walinzi walicheka. Mimi sikuweza.

Siku ya hukumu nilikaa benchi ya pili. Juge alikuwa na karatasi yetu mkononi, ile yenyewe, yenye wino mweusi wa Maman na wino wangu wa bluu juu yake. Aliuliza ni nani aliyeandika neno lile, kwa kuwa mwandiko ulikuwa tofauti. Nilianza kupanga sentensi. Niseme "ni mimi" ama niseme "nilimshauri"? Nisimame kwanza ama niombe neno kwanza? Kabla sijamaliza kupanga, alijibu Maman mwenyewe.

"Karatasi haina mudomo, juge. Mudomo iko yangu."

Alipewa miezi sita ya kifungo na *sursis* ya miaka mitano, maana yake hataingia gerezani, lakini akirudia kosa ndani ya miaka hiyo ataitumikia ile miezi pamoja na mingine mipya. Aliomba aelezwe mara mbili. Kisha alikunja kitambaa chake, akashukuru, akatoka nje. Hakunitazama, na wakati ule nilidhani ni kwa hasira.

Kipindi kiliondolewa wiki ileile. Saa moja asubuhi waliweka muziki. Directeur alibandika karatasi kwenye mlango wa studio: hakuna kuzungumzia chakula cha mtu bila ruhusa ya uongozi. Nilisikia kwamba redio nyingine nazo ziliwaambia watangazaji wao hivyo hivyo, bila kubandika chochote. Kwa muda mama yangu aliendelea kuwasha redio saa ile na kuisikiliza, kitambaa cha vyombo mkononi, nyimbo zikipigwa. Halafu akaacha.

Mwenye moulin alibadilisha mifuko. Sasa ni myeupe, haina mistari. Sijui kama unga wake ni mzuri siku hizi, pengine ni mzuri kuliko wa wote, kwa kuwa mtu aliyeumia hujifunza. Sijui, na hakuna anayenieleza, maana hakuna anayeruhusiwa kujua kwa sauti. Mama anaponituma sokoni nasimama mbele ya mifuko yote na kunusa. Nikisikia harufu nisiyoipenda, namwambia muuzaji kwamba nimesahau pesa nyumbani.

Nilikaa zaidi ya miaka mitatu bila kwenda kumwona. Kila mwezi nilipanga. Niliandika barua nne na kuzichana. Nilisikia amehamia kijijini Nyantende kwa mdogo wake, analima maharagwe. Jumamosi moja, kabla sijapata muda wa kufikiri, nilipanda moto, pikipiki ya abiria, na kumwambia dereva anipeleke.

Nilimkuta uani, ameketi kwenye kigoda, sinia la maharagwe mapajani. Alikuwa amekonda. Alinitazama kama mtu ambaye amekuwa akinitazamia tangu asubuhi.

"Maître. Kaa. Toa mawe."

Tulitoa mawe katika maharagwe. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu, aliona changarawe ndogo ambazo mimi nilizipita. Upande wa pili wa ua akina mama wa shirika lao la kanisa walikuwa wanapika. Watoto wa komunyo ya kwanza walikuwa kwenye mazoezi, na mchana wangekuja kula hapo. Nilisema haraka, kabla sijabadilisha maneno.

"Maman, lile neno ni mimi nililiandika. Na nikakwambia hakuna shida."

"Unafikiri nilisahau? Nilikuwa pale."

"Juu ya nini haukusema mbele ya juge?"

Alitupa jiwe dogo nyuma yake. "Ningekutaja, bangefunga midomo mbili. Nikasema, moja abakie wa kusema." Aliendelea kuchagua maharagwe. "Sasa wewe umesema nini toka siku ile?"

"Bado natafuta kazi, maman."

"Sikukuuliza kazi."

Nilirudia kutoa mawe. Ndipo wale akina mama walipofungua mfuko wa unga na kuumimina wote ndani ya beseni kubwa, na upepo ukatuletea harufu. Ilikuwa harufu ya godoro lililonyeshewa na kukaushwa vibaya. Vidole vya Maman vilisimama juu ya sinia.

Unga ulikuwa zawadi ya mfanyabiashara wa pale kijijini kwa watoto wa komunyo. Msichana mmoja alikuwa anachukua video kwa simu, ili mtoa zawadi ashukuriwe kwenye groupe ya WhatsApp ya shirika. Présidente wao, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika mbali, alituona tukitazama.

"Maman wa Redio!" aliita. "Si wewe njo ulikuwa docteur ya unga? Kuja uambie batu: hii iko namna gani?"

Wote walicheka. Msichana aligeuza simu kutuelekea.

Maman alinigeukia mimi. Miaka yake mitano ilikuwa haijaisha. Mimi sikuwa na sursis juu ya kichwa changu. Yeye angeweza kuingia gerezani kwa sentensi moja, na mimi hakuna mtu aliyenijua pale. Nilielewa vizuri kabisa anachoniomba. Nikaanza kufikiri. Jambo mahsusi, ndiyo. Mtu anayejulikana, ndiyo. Mbele ya watu, na juu yake video. Nikisema "umeoza" nimemtaja mwenye zawadi. Nikisema "harufu", pengine sijamtaja.

"Pengine..." nilisema.

"Pengine nini, mutoto?"

"Pengine mungeuchunga kwanza."

"Ah! Tumechunga mara mbili!" Wakacheka tena. Maji yalikuwa yameanza kuchemka katika sufuria kubwa. Kuchunga unga kwa chekeche hakuondoi ukungu. Nilijua hilo pia.

Maman aliweka sinia chini. Alisimama, akapangusa kanga yake, akatembea kuelekea kwao kama mtu anayekwenda kusaidia. Alipofika kwenye mafiga mguu wake ulikwama. Alitanua mikono ashike kitu, akashika ukingo wa beseni, na wote wawili wakaenda chini. Unga wote ulimwagika kwenye majivu na maji machafu ya kuoshea vyombo.

"Aye! Chakula ya batoto!"

"Macho yake iko wapi, huyu?"

"Maman wa Redio," alisema présidente, mikono kiunoni, "zamani ulikuwa na mudomo, sasa hata miguu hauna!"

Kicheko kilikuwa kikubwa, na kilikuwa na hasira ndani yake. Yeye alikuwa ameketi kwenye matope, goti linavuja damu, unga usoni mpaka kwenye nyusi.

"Munisamehe, bamaman," alisema. "Macho imekwisha."

Walinung'unika, kisha wakakubaliana kila mmoja alete sahani moja ya unga kutoka kwake. Watoto walichelewa kula, lakini walikula. Nilimwosha goti. Nilitaka aseme kitu, hata anigombeze. Alisema tu kwamba maji ni ya baridi, na kwamba dereva wa moto hataki kusubiri.

Jua lilikuwa halijazama nilipofika nyumbani, na video ilikuwa imenitangulia. Binamu yangu aliipata kutoka kwa mtu aliyeipata kutoka kwa mtu, akanitumia na nyuso nyingi za kucheka. Juu yake mtu alikuwa ameandika: "Maman wa Redio ameanguka." Mji mzima uliitazama. Waliokuwa wakimjibu kutoka jikoni kwao waliitazama, wakasema maskini, uzee.

Niliandika neno moja chini ya video ile na kulifuta. Nililiandika tena. Nilijiuliza litamgusa nani, nani atauliza kwa nini, nani atakumbuka unga ulitoka kwa nani. Nikalifuta. Nimefanya hivyo siku nyingi sasa, simu mkononi, kidole juu ya kitufe. Naliandika hapa, kwa mkono wangu, na mwandiko ni wangu.

Hakuanguka.